Tovuti ya Sebuleni na Radhi ya Bi Rukia

Mliponiaga nilipostaafu mlinipa feni ya kusimama, khanga doti mbili na hotuba tatu. Feni inafanya kazi, khanga nimeshazivaa. Hotuba ndizo zimenikaa rohoni. Mmoja wenu alisimama akasema Bi Zuhura ndiye mtu wa kwanza idarani kwetu kuweka tovuti nyumbani kwake mwenyewe, enzi ambazo nusu ya waliokuwa ukumbini walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Mkapiga makofi. Nami nikainamisha kichwa, mkadhani unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, wanangu. Ilikuwa aibu.

Basi naandika ilivyokuwa. Vyeo na mishahara siviandiki, hakuna jipya humo. Naandika mashine, waya na watu walionifundisha, halafu nitafika kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu hadi leo.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya themanini, chumba cha opereta wa simu za mbali. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya mchuchumio, na kufika saa nne nimeshavificha chini ya kiti niko peku. Mbele yangu kulikuwa na ubao mkubwa wenye matundu na taa ndogo ndogo, na waya zenye plagi. Taa ikiwaka, mtu anaita. Unachomeka waya, unauliza, "Namba gani tafadhali?" halafu unachomeka wa pili kwa anayetafutwa. Kazi ndiyo hiyo. Mie plagi ilikuwa inagonga pembeni ya tundu kabla haijaingia. Ni mwoga wa kuzaliwa. Hadi leo nikitoka nyumbani narudi mara mbili kuangalia kama jiko nimelizima.

Msimamizi wetu alikuwa Mama Mtui, mama wa Kichaga aliyeongea polepole na kutembea bila kusikika. Wiki yangu ya kwanza akaja mzee mmoja anamtafuta baba yake Bukoba. Nikajaribu mara tatu, nikamwambia hapatikani. Yule mzee akaanza kulia palepale kwenye dirisha la wateja. Mama Mtui akaja, akanivua vile visikizio kichwani, akavaa yeye, akachomeka waya, akasikiliza.

"Zuhura, hii laini ina watu wanaongea. Ni bize. Bize na hapatikani ni vitu viwili."

"Taa ilikuwa inawaka sawa, Mama," nikajitetea.

"Taa inakwambia waya uko sawa. Haikwambii mtu kampata mtu. Kabla hujamwambia mtu neno lolote, sikiliza laini kwa sikio lako mwenyewe."

Akangoja kama dakika kumi, akajaribu tena, mzee akampata baba yake. Ndani ya miaka kumi niliwafundisha wasichana wengi sentensi hiyo ya Mama Mtui, tena kwa kujidai, utadhani nimeitunga mie. Ikumbukeni, tutakutana nayo mbele.

Halafu zile enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru, zikapamba moto, kila kitu kikaingia nchini: televisheni, mitumba, kompyuta zilizotumika Ulaya zikaja kufia kwetu. Ubao wetu ukang'olewa, ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe. Mama Mtui alistaafu wiki ileile ubao ulipobebwa, akasema afadhali, asingeweza kukaa kuangalia. Sie wengine tuliambiwa tuchague, kwenda ofisi ya malalamiko au kitengo kipya cha data. Nilivyo mwoga, malalamiko yangeniua. Nikaenda data bila kujua data ni nini.

Huko nikamkuta Mkude, fundi wa kampuni moja ya intaneti iliyokuwa inakodi laini kwetu. Mluguru mmoja mfupi, kila kitu kwake chepesi. Nikimwambia Mkude hii ikiungua je, anajibu, "Dada, ikiungua tutajua ilikuwa inafanya kazi." Yeye ndiye aliyenionyesha tovuti kwa mara ya kwanza, na yeye ndiye aliyenitia wazimu wa kuiweka nyumbani.

"Wewe una laini ya simu ya mfanyakazi nyumbani, simu za humu mjini hulipii," akasema. "Mie nitakupa namba ya kudumu upande wetu. Ukiiacha mashine imepiga kwetu muda wote, mtu yeyote duniani akiandika namba ile anaingia sebuleni kwako."

"Anaingia sebuleni!"

"Anaona tu, dada. Haibi sufuria."

Nyumba yetu ilikuwa Tegeta, nyuma kidogo ya barabara ya Bagamoyo, wakati ule vumbi la kiwanda cha saruji likitua mpaka kwenye majani ya mchicha. Nilikaa na mama yangu, Bi Tatu. Mkude akaja Jumapili moja na kompyuta kuukuu aliyoikusanya vipande vipande, modemu ya mezani yenye taa nyekundu za kupepesa, na betri ya kushikilia umeme kwa robo saa ukikatika. Nikaitoa simu yetu ukutani nikaiweka kabatini, tundu lile tukachomeka modemu. Ile modemu ilipopiga mara ya kwanza ikalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kuna nini humo?"

"Inaongea na mwenzake, Mama."

"Basi waambie waongee kwa adabu."

Nilijifunza kwa kuharibu. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na picha nne: soko la Tegeta, nyumba yetu, Mama akipepeta mchele, na paka. Chini nikaandika habari za mtaa. Jina haukuwa nalo, ulikuwa na namba nne zilizotenganishwa na nukta, na mie niliyeishi na namba za simu niliona hilo ndilo jambo la busara kuliko yote. Mkude akanifundisha kusoma daftari la mashine, lile ambalo nyie mnaliita logi: kila anayefungua ukurasa anaacha mstari mmoja, siku, saa, na anakotoka. Nikawa kila nikitoka kazini, kabla ya kuvua ushungi, nasoma daftari. Nikikuta limeandika, moyo unatulia. Nikikuta hamna mstari, nafikiri imeungua.

Na kweli siku moja nilikuta iko kimya, imezima, inachemka ukiigusa. Mama alikuwa ameifunika. Kitu cha thamani kikikaa sebuleni kwetu lazima kivikwe kitambaa cha kufuma. Redio ilikuwa nacho, televisheni nacho, viti navyo, iweje hii ikae uchi mbele ya wageni? Alikaa wiki tatu anakifuma, cheupe chenye maua ya waridi, kikaifunika mashine mpaka chini, na tundu zote za hewa. Nilipomweleza, akakasirika siku mbili. Siku ya tatu akafuma kingine kidogo, cha juu tu, akasema, "Haya, mvalishe kofia."

Sasa nije kwa Bi Rukia.

Bi Rukia alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, mjane, mwenyeji wa hukohuko pwani toka enzi za babu zake. Alikuwa na mtoto mmoja, Seif. Huyu Seif aliuza shamba la minazi la marehemu baba yake lililokuwa Boko, zile siku watu wa mjini walipoanza kugombania viwanja vya kule. Aliuza bila kumwambia mama yake, akapata nafasi melini. Siku anaondoka Bi Rukia alisimama mlangoni akasema mbele ya watu, sie tunasikia: "Nenda. Lakini radhi yangu huondoki nayo."

Mtu wa pwani akiambiwa neno lile na mama yake, basi. Seif hakuandika barua. Miaka minne.

Kisha Bi Rukia akaumwa. Uvimbe tumboni. Hospitali wakasema utolewe haraka, ukikua zaidi hautatoleka. Akapangiwa siku. Siku ikafika, akakataa kwenda. Mama yangu akaenda kumbembeleza, mie nikaenda, majirani wakaenda. Alikuwa amekaa kitandani, kajifunga khanga kifuani, tumbo limemtoka.

"Siendi," akasema. "Watu wanaingia chumba kile na hawatoki. Nikifia mle mezani, mwanangu atabaki hana radhi ya mama maisha yake yote. Nani atamwondolea laana hiyo? Nimtie mie, nife nimwachie? Siendi mpaka nimsikie, nimwambie kwa mdomo wangu."

"Tumwandikie barua, Bi Rukia."

"Sitaki barua. Radhi haipelekwi kwa stempu. Nataka sauti."

Nani anajua Seif yuko wapi? Ikatokea mwalimu mmoja wa mtaani kwetu, aliyekuwa anarudi masomoni ng'ambo, akasema amemwona mji mmoja wa bandari huko Ulaya, anafanya kazi ya kupakua meli, analala leo huku kesho kule, anwani hana. Ila Jumamosi mchana, akasema, hukaa maktaba ya mji, kuna joto, na kuna kompyuta za bure, mkutubi anamfungulia.

Nikashika kichwa. Maktaba! Nikaandika zile namba zangu nne kwenye karatasi, nikampa mwalimu, nikamwapisha. Akipita mji ule ampe Seif, amwambie hapo ataona kwao. Nilishapiga simu maktaba yenyewe kutoka kazini mara moja, nikajibiwa hawaiti wateja kwenye simu wala hawapokei salamu za watu. Barua pepe ilikuwa ya ofisi, na bosi alishakataza kuitumia kwa mambo ya nyumbani; na Seif mwenyewe hakuwa nayo.

Nikabadilisha ukurasa. Nikaondoa paka. Nikaweka picha ya Bi Rukia amekaa kitini, na chini yake maneno makubwa: "Seif, mama yako anaumwa sana. Hakubali kupasuliwa kabla hajakusikia. Piga simu namba hii." Nikaandika namba ya nyumbani kwangu. Ndiyo simu pekee mtaani kwetu.

Mnaelewa nilichofanya? Ngojeni. Mie mwenyewe sikuelewa.

Jumamosi ya pili baada ya mwalimu kuondoka, daftari la mashine likaandika mstari. Saa nane na dakika kadhaa mchana. Mkude, aliyenifungulia daftari kulekule ofisini kwa njia ya intaneti, akaupitia kwa kidole akasema, "Hii ni maktaba, dada. Mji uleule." Nilipiga kigelegele ofisini mpaka mlinzi akaja. Jioni nikaenda kwa Bi Rukia na karatasi niliyoichapa, nimeuzungushia ule mstari wino mwekundu.

"Amesoma, Bi Rukia! Mwanao amesoma!"

Akaishika ile karatasi kwa mikono miwili. Hakujua kusoma, lakini alipitisha kidole kwenye ule wino.

"Sasa atapiga," akasema.

Hakupiga. Jumamosi iliyofuata, mstari mwingine, saa ileile. Nikapeleka karatasi. Hakupiga. Jumamosi ya tatu vilevile. Bi Rukia akaanza kukonda usoni huku tumbo linazidi. Hospitali wakampangia siku ya pili, akaiacha ipite. Mie usingizi ukanitoka. Nilifikiri, kosa liko kwenye mashine. Labda picha haishuki. Labda maneno ni madogo. Nikayakuza. Labda inazima akiwa anasoma. Nikanunua betri kubwa zaidi, na umeme ukikatika natoka kazini kwa ruhusa ya uongo niende kuiwasha. Nilimwambia Mama: dude hili lisizimwe hata dakika moja, waya ule usiguswe na mtu, hata malaika. Kila mstari ukionekana namlaani Seif moyoni. Mtu anasoma mama yake anaumwa, anakaa kimya! Ana moyo wa jiwe! Na Bi Rukia naye akaanza kuniuliza kwa sauti ya chini, "Kweli amesoma, Zuhura? Au unanifariji?"

"Amesoma, wallahi."

"Basi hataki."

Kazini wenzangu walikuwa wananitania. "Wewe Zuhura, simu yako ya nyumbani siku hizi bize saa zote, una bwana gani?" Nikacheka nikawajibu, "Wageni wangu ni wa dunia nzima." Nilijibu hivyo. Opereta wa miaka kumi. Mganga hajigangi.

Hospitali wakatoa siku ya tatu, Jumatatu. Daktari alimwita Mama pembeni akamwambia hakuna ya nne, si kwa kukataa yeye, uvimbe wenyewe hautangoja. Hivyo ikabaki Jumamosi moja.

Jumamosi hiyo nilikuwa zamu. Toka asubuhi mbingu imenuna upande wa Kawe. Saa saba ikaanza mvua ya radi. Nyumbani kwetu radi ikipiga ilikuwa na utaratibu wake: kioo kinafunikwa, redio inazimwa, kila waya unatoka ukutani, watu wanakaa kitako kimya. Mama alizaliwa nao. Nilimwambia hata malaika asiguse, lakini radi hakuihesabu miongoni mwa malaika.

Saa nane kasoro simu ya mezani kwangu ikalia.

"Zuhura, mie mama yako."

"Mama? Unapiga wapi?"

"Nyumbani. Nimetoa ile simu kabatini nikaichomeka. Radi ilikuwa mbaya, nimezima dude lako na kung'oa waya zote. Sasa imetulia, silijui kuliwasha. Nibonyeze wapi?"

Saa nane! Saa yake ya kusoma, Jumamosi ya mwisho, na ukurasa haupo!

"Mama umeniua," nikamwambia. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyosema. "Usiguse kitu. Nakuja."

Mkude alikuwa na pikipiki. Sijui alipitaje kwenye yale madimbwi. Nilifika nimelowa, nimepoteza kiatu kimoja, nikapiga magoti sebuleni. Mama amekaa kwenye mkeka. Nikawasha mashine. Nikaokota waya wa modemu kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikashika waya wa simu pale ukutani niuchomoe.

Simu ikalia.

Miezi yote ile haikuwahi kulia ndani ya nyumba yetu. Mie nikasema, "Ni wa ofisini, niache," nikaanza kuuvuta waya.

"Pokea!" Mama akanipigia ukelele ambao sijausikia tena kwake. "Simu ikilia inapokelewa!"

Nikapokea.

"Halo? Hapo ni kwa Bi Zuhura, Tegeta?"

Nilijua kabla hajamaliza. Simu ya ng'ambo enzi zile unasema neno, linakwenda, kimya kidogo, ndipo jibu linarudi, na nyuma yake unasikia sauti yako inakufuata. Miaka kumi nimeivaa ile sauti masikioni.

"Ndiyo hapa. Nani mwenzangu?"

"Mie Seif wa Bi Rukia. Shikamoo, dada Zuhura."

"Marahaba, Seif."

"Dada, mama yu hai?"

"Yu hai. Yu hai, anakungoja."

Nikamsikia anapenga kamasi.

"Kila Jumamosi napiga," akasema, na sauti ilishavunjika. "Nasoma ule ukurasa, natoka mbio, napiga. Bize. Nangoja, napiga tena, bize. Jumamosi sita, dada. Nikasema ndiyo basi, mama kawaambia msinipokee, simu mmeiweka pembeni makusudi. Leo nakuja maktaba nakuta ukurasa wenyewe haupo. Nikajua keshakufa. Nikasema nipige tu, nisikie tena hiyo bize, nirudi."

Niliuangalia ule waya wa modemu katika mkono wangu wa kushoto. Nadhani niliuangalia muda mrefu, maana akaita, "Dada? Upo?" Laini ni moja. Mashine ikiwa hewani, simu iko bize. Ukurasa ukisema piga, ni kwamba hawezi kupiga. Mtoto wa shule angelijua hilo.

"Nipo," nikasema. "Una muda gani?"

"Kadi ya simu imebaki kidogo sana."

"Kata. Tunamleta mama. Piga tena baada ya robo saa. Robo saa, Seif!"

Mama alishatoka zamani. Mkude akamfuata kwenda kusaidia kumbeba Bi Rukia. Nikabaki mie na simu.

Nimefanya kazi ya simu maisha yangu yote na sijawahi kuiogopa simu kama dakika zile. Tegeta mvua ikinyesha, makutano ya waya yanaingia maji, laini inakufa bila kuaga. Nikataka kuinua nisikilize kama mlio upo. Nimeshaunyanyua mkono wa simu, umefika sikioni, ndipo nikakumbuka: nikiinua, iko bize. Akipiga sasa hivi atakuta bize tena! Nikaurudisha kwa mikono miwili, taratibu, nikakaa juu ya viganja vyangu. Bi Rukia wakamleta amekaa kwenye kiti cha plastiki, wamekishika Mama huku na Mkude huku. Robo saa ikapita. Dakika kumi na saba. Nikawa nasoma Yasini najichanganya. Dakika ya ishirini nikamwangalia Bi Rukia, naye ananiangalia mie, si simu.

Ikalia.

Nilimpa yeye. Aliishika kichwa chini, nikamgeuzia.

"Seif? Umekula?" Ndilo neno lake la kwanza, miaka minne. Akasikiliza. Akatikisa kichwa. "Usilie, kadi inakwisha. Nisikilize mie. Ile minazi ilikuwa imezeeka, haizai. Haizai, nakwambia. Nimekuwia radhi, mwanangu. Dunia na akhera, nimekuwia radhi. Umesikia? Sema nimesikia."

Sie wote tulimsikia akisema.

Kisha mlio wa kukatika. Bi Rukia akanirudishia simu, akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akamwambia Mama, "Haya, Tatu, tukafunge mkoba wa hospitali."

Jumatatu akapasuliwa. Wakautoa wote. Alirudi amekonda kama mti wa bendera lakini anatukana, nikajua kapona. Mwaka uliofuata Seif alikuja, akapiga magoti pale pale mlangoni mama yake aliposimama siku ile, akajenga vyumba viwili nyuma. Hayo mengi mnayajua, yalisemwa kwenye hotuba, kwamba tovuti ya Bi Zuhura ilimkutanisha mama na mwanawe.

Lakini jioni ya ile Jumamosi nilifungua daftari la mashine. Mistari sita. Sita niliyoizungushia wino mwekundu, nikampelekea mgonjwa kama furaha. Kila mstari, mtu alisoma, akatoka mbio kwenye kibanda cha simu, akakuta nimembania mlango. Siku ambazo mama yake alikuwa anasema "basi hataki", mie ndiye nilikuwa simtaki, bila kujua, kwa kuilinda taa nyekundu isizime. Sikusikiliza laini. Ningeinua simu mara moja tu katika wiki sita, nikasikia. Nilikuwa na hofu ya kila kitu isipokuwa kile.

Nilipanga kumwambia Bi Rukia akitoka hospitali. Nikasema ngoja apate nguvu. Kisha ikaja Idi, akaniletea sahani ya visheti na sambusa, imefunikwa kitambaa, akamwambia kila aliyekaa sebuleni, "Huyu ndiye aliyeniunganisha na mwanangu." Ningesemaje mbele ya watu? Nikala. Idi iliyofuata akaleta tena. Hakuruka Idi hata moja, na kila Idi nilisema hii ndiyo nitamwambia, na kila Idi nikala. Mama yangu alikuwa ananiangalia tu. Yeye alishajua, nadhani, toka nilipokuwa nimepiga magoti na waya mikononi. Hakusema hadi anakufa.

Bi Rukia alifariki uzeeni, usingizini. Kabla jeneza halijatoka, sheikh alisimama uani akasema kama desturi: kama yupo aliyekosewa na marehemu, tunamwomba amsamehe. Wanaume nje wakaitika, na sie wanawake ndani tukaitika, "Tumemsamehe."

Na mie nikaitika. Nilikuwa nimekaa karibu na kichwa chake, na nilisema kwa sauti kuliko wote.